Jinsi ya Kuzipaka Rangi Kuta za Mbao za Zamani na Kukitia Chumba Mwanga

Chumba ambacho kuta zake zilivikwa mbao na kupakwa vanishi miaka mingi iliyopita kina tabia moja: hata mchana wa jua kali, mtu akiingia humo mkono wake huitafuta swichi ya taa. Rangi nyeupe hurudisha chumbani zaidi ya asilimia 80 ya mwanga unaoifikia, ilhali mbao za kahawia iliyokolea hurudisha sehemu ndogo tu na kumeza iliyobaki. Mwanga unaoingia dirishani ukigonga ukuta wa namna hiyo mara moja, safari yake imeishia hapo; ukuta ungekuwa mweupe, mwanga huohuo ungerudishwa kutoka ukuta mmoja hadi mwingine na kuzifikia pembe ambazo dirisha halizioni. Ndiyo sababu kuongeza taa peke yake hukifanya chumba kiwe na madoa ya mwanga katikati na giza pembezoni.

Ninachoeleza hapa ni namna ya kuzipaka rangi mbao hizo bila kuzing'oa, kwa kuwa ndiyo njia inayozifaa nyumba nyingi, na baadaye nitagusia njia nyingine kwa ajili ya yule asiyetaka kuficha mistari ya mbao zake. Niseme mapema kwamba kupaka rangi kwenyewe huchukua muda mdogo kuliko watu wanavyodhani. Siku nyingi hutumika kuchunguza, kuosha, kupiga msasa na kungoja, na anayeziruka hatua hizo huokoa siku mbili, kisha miezi michache baadaye akakuta rangi inabanduka kwa ukucha kama ganda la yai.

Kutambua ulichonacho ukutani

Kinachoitwa ukuta wa mbao kinaweza kuwa kimoja kati ya vitu vitatu vilivyo tofauti sana. Kuna mbao halisi, yaani vipande vya mti vilivyounganishwa kwa ulimi na mfereji: ukingo mwembamba wa ubao mmoja, ndio ulimi, huingia kwenye mfereji wa ubao wa jirani. Kuna plaiwudi iliyobandikwa vinia, ambayo ni ngozi ya mti wa thamani isiyofika, mara nyingi, hata unene wa milimita moja. Na kuna hadibodi iliyofunikwa karatasi au plastiki yenye picha ya mbao. Kwa mbali vyote hufanana. Ili kuvitofautisha, zima umeme kwenye swichi kuu, fungua kifuniko cha soketi moja, kisha utazame ukingo uliokatwa. Mbao halisi huonyesha nyuzi zilezile kuanzia usoni hadi nyuma, plaiwudi huonyesha matabaka, na hadibodi huonyesha unga wa kahawia uliogandamizwa. Dalili nyingine ni mafundo: ukiona fundo lenye umbo lilelile mahali pawili au patatu ukutani, basi unatazama picha, kwa kuwa mti haujirudii.

Jibu la uchunguzi huo ndilo litakaloamua utumie nguvu kiasi gani baadaye. Mbao halisi huvumilia msasa; vinia hutoboka ukiikazania mahali pamoja; na ile karatasi yenye picha huchanika na kuacha manyoya ambayo hakuna rangi itakayoyaficha. Jibu hilo pia linapaswa kukufanya usite kidogo. Iwapo umegundua kwamba kuta zako ni za mbao ngumu halisi, zisizo na nyufa wala viraka, fikiri kwa wiki nzima kabla ya kununua rangi, kwa sababu rangi ikishaingia kwenye vinyweleo vya mbao na kwenye mifereji yake, kuitoa tena ni kazi ya kukatisha tamaa. Hadibodi yenye picha haihitaji huruma hiyo. Ipake bila kusita.

Ukiwa bado unachunguza, gonga ukuta kwa vifundo vya vidole kutoka chini kwenda juu, ukisikiliza mahali ambapo sauti inabadilika au ubao unacheza. Bonyeza sehemu za chini karibu na sakafu na chini ya madirisha. Pakiwa na ulaini, harufu ya uvundo au unga wa wadudu, kazi ya rangi isimame mpaka chanzo cha unyevu kipatikane na ubao ulioharibika ubadilishwe, kwa kuwa rangi huufungia unyevu ndani na hatimaye huinuka kwa malengelenge. Na kama juu ya mbao hizo kuna rangi ya zamani badala ya vanishi, jihadhari na madini ya risasi. Marekani ilizuia rangi yenye risasi nyingi isitumike majumbani mwaka 1978, na nchi nyingi zilichelewa zaidi ya hapo. Rangi ya aina hiyo haipigwi msasa mkavu kamwe, maana vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto wadogo na wajawazito. Ipimwe kwanza, na ikithibitika kuwa na risasi, aitwe fundi aliyefunzwa kuishughulikia.

Jaribio la shuka

Kabla ya kutumia fedha, chukua shuka nyeupe mbili au tatu, zitundike zifunike ukuta mmoja mzima, kisha uishi nazo siku mbili. Jaribio hili halina gharama yoyote na hufundisha mengi. Ukuta wenye faida kubwa zaidi huwa ni ule unaotazamana na dirisha, kwa kuwa ndio unaoupokea mwanga kwanza na kuurudisha, na wapo waliogundua kwa njia hii kwamba kuupaka huo mmoja kunatosha. Wakati huohuo tazama dari. Dari iliyofifia na kuwa ya manjano hula mwanga mwingi, na kuipaka nyeupe ni kazi ya siku moja isiyoharibu ubao wowote.

Tazama pia balbu zako. Balbu yenye mwanga wa manjano, ya takriban kelvini 2700 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga), hukoleza wekundu ulio ndani ya mbao na kukifanya chumba kionekane kizito. Ile ya kelvini 3000 hadi 4000 huutuliza. Jaribu hayo kwanza. Ikiwa baada ya shuka, dari na balbu bado unaona kwamba kuta zote zinahitaji rangi, endelea kwa moyo mmoja.

Kuosha na kupiga msasa

Ondoa samani zote, au zikusanye katikati ya chumba na kuzifunika. Fungua vifuniko vya swichi na soketi umeme ukiwa umezimwa, kwa kuwa kupaka kwa kuvizunguka huacha ukingo mbaya ambao jicho huuona kila siku.

Adui mkubwa wa rangi kwenye mbao za zamani ni nta. Kwa miaka mingi watu walizing'arisha kwa nta na dawa za kusugulia samani, na vitu hivyo havionekani kwa macho. Chovya kitambaa cheupe kwenye tapentaini, sugua mahali padogo, kisha ukitazame: kikitoka na utando wa manjano au kahawia unaonata, kuna nta, na lazima ukuta wote usafishwe kwa tapentaini, ukibadilisha vitambaa mara kwa mara ili usiwe unahamisha nta kutoka ubao mmoja kwenda mwingine. Madirisha yawe wazi na pasiwe na moto wowote karibu. Vitambaa vilivyolowa usivirundike. Vitandaze nje vikauke, na uwe mwangalifu zaidi endapo mbao ziliwahi kupakwa mafuta ya kitani au wewe mwenyewe unayatumia, kwa sababu vitambaa vyenye mafuta hayo vikikunjwa pamoja vinaweza kupata joto vyenyewe na kuwaka.

Baada ya nta, osha kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni inayokata mafuta, ukianzia chini na kupanda juu ili maji machafu yasiache michirizi kwenye sehemu kavu, kisha ufute kwa maji safi mara mbili. Kitambaa kiwe kimekamuliwa barabara. Hadibodi na plaiwudi zikinyweshwa maji hufura kwenye maungio, na hazirudi tena kuwa zilivyokuwa. Acha ukuta ukauke usiku kucha.

Msasa huogopwa bure, kwa kuwa hapa lengo si kuikwangua vanishi yote mpaka mbao tupu ionekane. Lengo ni kuuua mng'aro ili rangi ipate pa kushika. Kwa mbao halisi tumia msasa wa namba 120 au 150, kwa vinia namba 180 hadi 220, na kwa karatasi yenye picha upitishe ule wa 220 kwa wepesi kama unayefuta vumbi. Fuata nyuzi za mbao sikuzote, maana mikwaruzo iliyokata nyuzi huonekana hata chini ya rangi. Ndani ya mifereji, msasa wa sponji hufika mahali ambapo karatasi ya msasa haifiki. Mifereji ikiachwa na mng'aro wake, humo ndimo rangi itakapoanza kubanduka. Vaa barakoa ya vumbi. Ukimaliza, ukuta unapaswa kuonekana umefifia kote, bila sehemu inayometa ukiumulika kwa tochi kutoka ubavuni. Ondoa vumbi kwa mashine ya kufyonza, kisha upitishe kitambaa chenye unyevu kidogo.

Swali la mifereji

Hapa ndipo watu wengi huuliza kama inafaa kuijaza mifereji, yaani mistari iliyozama kati ya ubao na ubao, ili ukuta uwe laini kama wa lipu. Kwa mbao halisi jibu langu ni hapana. Mbao hutanuka upana wake hewa inapokuwa na unyevu na kusinyaa inapokauka, na fila, yaani lahamu ya kuzibia, iliyojazwa kati ya mbao mbili zinazosogea itapasuka mwaka huohuo, ikikuachia mistari ya nyufa badala ya mistari ya mifereji. Kwa plaiwudi na hadibodi inawezekana, kwa kuwa hazisogei sana, lakini fila hujazwa mara mbili au tatu, hupigwa msasa kila mara, na maungio ya mapande makubwa yanahitaji utepe wa nyavu chini ya fila. Mimi ningeiacha. Mifereji ikishapakwa rangi nyepesi hubaki na vivuli vyembamba vinavyoupa ukuta utulivu, na mgeni hudhani uliipanga iwe hivyo.

Matundu ya misumari na mikwaruzo mirefu jaza kwa fila ya mbao, uache ikauke, kisha uisawazishe. Nyufa za pembeni, juu kwenye dari na chini kwenye skatingi, zizibwe kwa gundi ya akriliki inayokubali rangi. Silikoni ya kawaida haikubali rangi. Nyufa hizi nashauri zizibwe baada ya mkono wa kwanza wa praima, yaani rangi ya msingi inayotangulia rangi yenyewe, kwa sababu ubao uliokolea huficha mianya, na ni weupe wa praima unaoidhihirisha yote kwa pamoja, kwa namna ya kushtusha kidogo.

Praima

Nikiambiwa nitaje hatua moja ambayo makosa yake hayasameheki, nitataja hii. Mbao nyingi za rangi ya kahawia na nyekundu zina tanini, kemikali ileile inayoyapa majani ya chai ukali wake, nayo huyeyuka katika maji. Ukipaka juu yake rangi ya maji au praima ya kawaida ya maji, maji yaliyomo huivuta tanini hadi juu, na madoa ya manjano na kahawia hujitokeza kupitia weupe. Niliwahi kuupaka ukuta mmoja mikono mitatu ya rangi nyeupe ya maji moja kwa moja, nikiamini kwamba mkono unaofuata utayafuta madoa, na kila asubuhi niliyakuta yamerudi mahali palepale, kama mtu aliyemwaga chai usiku. Mkono mmoja wa praima sahihi ungenitosha.

Praima sahihi ni ile inayozuia madoa. Bora kuliko zote ni ya shelaki, utomvu unaotolewa na wadudu, iliyoyeyushwa kwa spiriti: hukauka kwa muda usiozidi saa moja, hushika hata kwenye vanishi ngumu, na huzuia tanini, utomvu wa mafundo, masizi na harufu ya moshi wa zamani. Ubaya wake ni mvuke mkali unaoweza kushika moto, kwa hiyo inahitaji madirisha yaliyo wazi, barakoa yenye vichujio vya mvuke, na moto wote uzimwe, ikiwa ni pamoja na jiko la gesi la chumba cha jirani. Praima ya mafuta inaifuata kwa ubora, ila huchukua usiku mzima kukauka. Zipo pia za maji zilizotengenezwa mahususi kuzuia tanini, zinazofaa hadibodi yenye picha na nyumba isiyoweza kuvumilia harufu, lakini kwa mbao halisi zenye wekundu nisingeziamini kabla ya kuzijaribu.

Jaribio lenyewe ni rahisi. Chagua mahali palipojificha, penye ukubwa wa sentimita 30 kwa 30, upafanyie kila kitu: osha, piga msasa, paka praima, kisha rangi. Ngoja siku tatu. Kwanza tazama kama kuna doa lililojitokeza. Halafu kwa wembe chora mistari sita inayokatana na mingine sita kama wavu, bandika utepe wa kunata, uukandamize na kuuvuta kwa nguvu. Rangi ikibaki mahali pake, endelea na chumba kizima. Ikitoka na vipande, ama nta bado ipo ama msasa haukutosha, na ni heri ulijue hilo kwenye mraba mdogo kuliko kwenye kuta nne.

Kuchagua na kupaka rangi

Mtu aliyechoshwa na giza hukimbilia weupe mkali kabisa, na mara nyingi hujuta. Chumba ambacho hakipati jua la moja kwa moja huugeuza weupe huo kuwa kijivu cha ubaridi. Weupe wenye tone la manjano au udongo huonekana mweupe zaidi humo kuliko weupe wenyewe. Kwenye kopo au kadi ya rangi hutolewa mara nyingi kipimo cha mwanga unaorudishwa, kutoka 0 hadi 100. Chochote kinachozidi 70 kitakiangaza chumba, kwa hiyo si lazima uwe mweupe: kijani cha kufifia sana au rangi ya mchanga hufika hapo bila shida. Kuhusu mng'aro, chagua wa kati, unaoitwa satini. Rangi inayong'aa sana huonyesha kila bonde na kila tundu la msumari, na isiyong'aa kabisa hushika alama za vidole na ni ngumu kufuta.

Paka sehemu ya ukuta inayotosha mbao tatu au nne kwa wakati mmoja, kutoka juu hadi chini. Anza na mifereji kwa brashi iliyokatwa mshazari, ukitumia rangi kidogo ili isituame humo, kisha mara moja, kabla haijakauka, pitisha rola yenye manyoya mafupi ya milimita 6 hadi 10 juu ya nyuso. Malizia kwa kuipitisha rola kwa wepesi kufuata nyuzi. Sehemu inayofuata ianze rangi ya ile ya kwanza ikiwa bado mbichi, la sivyo maungio yataonekana kama mshono. Mikono miwili myembamba hushinda mmoja mzito. Kati yake acha muda ulioandikwa kwenye kopo, ambao kwa rangi nyingi za maji ni saa mbili hadi nne, na upitishe msasa wa 220 kwa wepesi kuondoa chembe zilizonasa.

Kwa wasiotaka kuficha mistari ya mbao

Njia ya upole ni kuipunguza rangi nyeupe ya maji kwa kiasi sawa cha maji, kuipaka kwa brashi na kuifuta kwa kitambaa baada ya dakika moja au mbili, ili weupe ubaki kwenye vinyweleo na mistari iendelee kuonekana. Jambo ambalo maelezo mengi hulisahau ni kwamba njia hii hufanya kazi kwenye mbao tupu pekee. Juu ya vanishi, rangi hiyo huteleza na kufutika, hivyo vanishi yote lazima itolewe kwanza, na kwenye vinia nyembamba hilo ni la hatari. Na mbao zenye tanini nyingi zinaweza kuugeuza weupe huo kuwa wa manjano, kwa hiyo jaribio la mraba mdogo linahitajika hapa pia.

Kuzififisha mbao zenyewe kunawezekana kwa dawa ya sehemu mbili, soda kali na haidrojeni peroksaidi, inayoondoa rangi ya asili ya mti. Ni dawa inayounguza ngozi na macho, na kwa ukuta mzima ningemwachia fundi aliyezoea. Asidi ya oksaliki, ambayo huuzwa kwa jina hilohilo la kufifisha, hutoa madoa meusi ya chuma na maji lakini haigeuzi rangi ya ubao kwa kiasi kikubwa.

Ipo pia njia ya kati, ninayoipenda kwa vyumba vyenye dari ndefu: acha mbao kama zilivyo kuanzia sakafuni hadi kimo cha sentimita 90 hivi, pigilia fito nyembamba ya kutenganisha, kisha upake rangi nyepesi kutoka hapo kwenda juu. Mwanga mwingi wa dirishani huangukia sehemu ya juu, na chini panabaki uzito wa mbao unaokifanya chumba kisionekane kama zahanati. Kuhusu kufunika kila kitu kwa bodi za jipsamu, inawezekana, lakini kumbuka kwamba masanduku ya soketi yatahitaji kusogezwa mbele na fremu za milango zitaonekana zimezama.

Siku za baadaye

Rangi iliyokauka kwa kugusa bado haijakomaa. Kwa wiki mbili hadi nne za mwanzo usiioshe wala usiegemeze samani nzito, kwa kuwa inaweza kunata na kubanduka pamoja nazo. Kama ulibandika utepe wa karatasi pembeni ili rangi isivuke, uvutwe siku ileile ya mkono wa mwisho, rangi ikiwa bado laini, kwa pembe ya mshazari.

Weka rangi iliyobaki kwenye chupa ndogo iliyofungwa vizuri. Kwa mbao halisi, hewa itakapokauka mbao zitasinyaa na ndani ya mifereji utaona mistari myembamba ya kahawia, ambayo ni ndimi za mbao zilizokuwa zimejificha rangi ilipopakwa. Usiizibe kwa gundi. Subiri mbao ziwe zimesinyaa kabisa, kisha uipitie kwa brashi nyembamba yenye rangi hiyohiyo.